Kamba Inayombeba Mtu

Mwezi huu habari ya kuhifadhi nafaka tuliyoahidi itangoja kidogo, maana tumepata barua ya Bibi mmoja wa mwambao, nayo si ya kuwekwa. Aandika kwamba mwanawe aliyekuwa safarini amemletea kitanda cha wavu cha kuning'inia, kile ambacho wengine hukiita machela, ili mama mkwe wake, mtu mzima wa miaka mingi, apate kujinyosha barazani wakati wa upepo wa alasiri. Kitanda chenyewe ni kizuri na kimefumwa kwa imara, lakini hakikuja na kamba wala vyuma vya kukitundikia. Bibi huyo amekwenda dukani akaonyeshwa kamba za namna tano na kulabu za kila ukubwa, na muuzaji akamhakikishia kwamba zote ni madhubuti. Auliza: anunue ipi?

Swali ni fupi, na jawabu lake lingeweza kuwa fupi vile vile. Ningeweza kumtajia jina la kamba na unene wake, nikaishia hapo. Lakini sina haki ya kufanya hivyo, kwani katika nyumba yetu wenyewe kulikuwa na kamba nzuri, mpya, iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, nayo ilikatika ikamvunja mtu. Basi Bibi atuwie radhi tukianza mbali kidogo.

Ami yangu, ndugu mkubwa wa baba, alikuwa na machela barazani baina ya nguzo mbili za mti mgumu. Wakati huo mimi nalikuwa kijana, na kazi ya kuifunga ilikuwa yangu. Kamba ilikuwa ya katani, unene wake milimita 12, nyeupe, inanukia dukani. Kila baada ya siku chache ami alilalamika kwamba kitanda kimebonyea na mgongo wake wapinda kama upinde, nami kila mara nalifungua fundo, nikaweka mguu kwenye nguzo, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikafunga tena. Mwisho wake kamba ilikuwa imekazwa hata ukiigusa kwa kidole yalia kama uzi wa udi. Nami nilijisifu kwa kazi ile. Siku moja baada ya sala ya alasiri ami alikuja akaketi kwa kishindo, kama wafanyavyo watu waliochoka, na kamba ikakatika karibu na fundo. Hakuanguka zaidi ya dhiraa moja na nusu. Lakini sakafu ilikuwa ya saruji, naye alikuwa mtu wa miaka sabini, na nyonga yake ikavunjika. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, alhamdulillah, ila hakwenda tena msikitini bila ya kushikwa mkono.

Sisi tukalaumu kamba. Tukaenda kwa muuzaji tukiwa na hasira, na yeye, kwa kutustahi, akaturudishia fedha zetu, nasi tukazipokea. Nalijua baadaye kwamba hazikuwa haki yetu. Alikuja kumjulia hali mgonjwa mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi, akaomba aione kamba iliyokatika. Akaifumbua nyuzi zake, akazinusa, akazisugua baina ya vidole. Zilikuwa safi ndani na nje, hakuna unga wala weusi. Akauliza, "Ni nani aliyeikaza hii?" Nikasema ni mimi. Hakunigombeza. Aliomba uzi na pakiti ya sukari ya kilo moja.

Jambo alilonifundisha kila msomaji aweza kulijaribu usiku huu huu jikoni mwake. Chukua uzi wenye nguvu wa urefu wa dhiraa tatu, ufunge pakiti ya sukari katikati, kisha ushike ncha mbili, moja katika kila mkono. Mikono ikiwa karibu karibu, pakiti yaning'inia chini nawe huhisi uzito wowote wa maana. Sasa itanue mikono polepole. Kila unapoitanua na uzi ukawa waelekea kunyooka, ndivyo mikono inavyozidi kuvutwa, mpaka yaanza kutetemeka. Na hata ukiwa na nguvu za pahalwani hutaweza kuunyosha uzi ule sawasawa kabisa. Sukari ni ile ile, kilo moja. Kilichobadilika ni mwinamo wa uzi tu.

Hesabu yake ni hii. Mtu wa kilo 80 akilala katika machela iliyolegezwa vizuri, kamba zikashuka kwa pembe ya digrii 30 kutoka usawa wa sakafu, kila kamba hubeba kilo 80. Zikikazwa hata pembe ikawa digrii 15, kila moja hubeba kilo 155. Zikikazwa kama nilivyokaza mimi, pembe ikawa digrii 5, kila kamba huvutwa kwa kilo 460, na mtu ni yule yule wala hakunenepa. Sasa tazama upande wa pili: kamba ya katani ya milimita 12, ikiwa mpya, hukatika kwa mvuto wa kilo 950 hivi. Fundo huipunguzia kamba nguvu, na mara nyingine huila hata nusu nzima. Zabaki chini ya kilo 500. Mtu akiketi kwa kishindo, kwa nukta moja mvuto huweza kuwa mara mbili ya ule wa mtu aliyetulia. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo, Bibi, kabla ya kuchagua kamba chagua mwinamo. Huna haja ya kipimo cha seremala. Tumia shubiri yako: kwa kila shubiri saba za kwenda mbele, kamba ishuke shubiri nne. Hiyo ndiyo digrii 30. Ikiwa nguzo zako zimeachana mita 4, basi toka nguzo hata katikati ni mita 2, na mshuko wake ni kiasi cha mita 1 na sentimeta 15. Ukitaka mama akae kwa urefu wa kiti, yaani sentimeta 45 kutoka sakafuni, pete za kutundikia ziwe juu ya sakafu kwa kiasi cha mita 1 na sentimeta 60. Usitishike kuona kitanda kinabonyea katikati. Ndivyo kilivyotengenezwa kilale, na mwenye kulala hapaswi kulala kwa urefu wake kama samaki katika jarife, bali kwa mshazari, kichwa upande mmoja wa wavu na miguu upande wa pili. Hapo mgongo hunyooka wenyewe. Ami yangu angaliambiwa hilo tu, asingalinituma kukaza kamba hata mara moja.

Sasa twende dukani.

Kamba ya usumba, ile itokayo katika makumbi ya nazi, wengi wetu tumekua tukiiona. Pwani ya mashariki ya Unguja, kama Jambiani, akina mama hufukia makumbi katika mchanga wa pwani yakakaa huko kwa miezi, kisha huyatwanga na kuyasokota kwa mikono. Ni kamba yenye sifa: maji ya chumvi hayaihangaishi sana, na ina mnyumbuko. Vyombo vyetu vya bahari viliitegemea tangu zamani. Lakini nguvu yake haifiki nusu ya nguvu ya katani ya unene ule ule, na kamba iliyosokotwa kwa mkono huwa nene hapa na nyembamba pale, na ukweli wa kamba ni pale iliponyembamba. Ifanyie kazi ya kusukia kitanda cha miguu minne, ambako kamba kumi zagawana mzigo mmoja. Kumtundika mtu kwa kamba mbili za usumba mimi sikushauri.

Katani ni kamba ya heshima, na ina hadithi yake. Mmea huo si wa kwetu. Uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika shehena nzima ilibaki hai miche 62 tu. Asili yake ni Yucatán katika Mexico, nchi ambayo hata leo watu wengi hulala katika machela usiku kucha na wala hawajui shida ya mgongo. Na Wazungu wenyewe walikijua kitanda hiki mwaka 1492, Columbus alipofika visiwa vya Bahama akawaona wenyeji wamelala katika nyavu za pamba. Basi ukitundika machela kwa kamba ya katani umewakutanisha majirani wawili wa zamani. Ubaya wa katani ni unyevu. Ikilowa hufura, hukakamaa na kuvuta mafundo, ikikauka hulegea, na ikilowa na kukauka mara nyingi huoza kutoka ndani, na nje yabaki nzuri. Kwa baraza kavu, lenye paa, katani ya milimita 16 yafaa. Kwa uani penye mvua na umande, haifai.

Zimebaki kamba za viwandani, nazo ndizo zinazowachanganya watu, maana zote hung'aa. Ziko tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ni polipropilini, kamba rahisi ya rangi ya buluu, kijani au manjano. Wapo wauzaji wanaoiita manila, ingawa manila ya asili ni nyuzi za mmea wa Ufilipino wa jamii ya mgomba. Kamba hii ikiwa mpya ina nguvu, maana ya milimita 12 hukatika kwa kilo 2,000 hivi. Lakini adui yake ni jua. Ikikaa nje, mwanga wa jua huvunja vunja nyuzi zake, na baada ya mwaka mmoja au miwili ile isiyotiwa dawa ya kuikinga huanza kuwa na manyoya ya kuchoma, na ukiikwaruza kwa ukucha yatoa unga. Tena yateleza: fundo lililofungwa asubuhi hupatikana jioni limeshajifungua nusu. Kwa kamba ya ndoo au ya kuanikia nguo, haya. Kwa mama mkwe, la.

Ya pili ni nailoni, yenye nguvu kuliko zote tatu, karibu kilo 3,000 kwa unene huo huo. Watu huipenda kwa sababu hiyo, nao husahau kwamba nailoni hunyumbuka. Ndiyo kamba ya nanga, ambapo mnyumbuko watakiwa ili wimbi lisiikate. Katika machela utaitundika jioni kwa urefu wa kiti, na mtu akilala saa mbili utamkuta akikaribia kugusa sakafu. Ikilowa hupungukiwa na nguvu kidogo na kunyumbuka zaidi. Haina hatari, ila yaudhi.

Ya tatu ni poliesta, na hiyo ndiyo kamba ya Bibi. Nguvu yake ni zaidi ya kilo 2,000 kwa milimita 12, hainyumbuki sana, haijali maji, na katika hizi tatu ndiyo yenye kulistahimili jua vizuri zaidi. Ukitoa nusu kwa ajili ya fundo, zabaki kilo elfu na ziada, nayo ni zaidi ya mara kumi ya mzigo wa kilo 80 kwa mwinamo tuliousema. Hiyo mara kumi si ubadhirifu. Kamba itakayobeba binadamu hupewa akiba kubwa namna hiyo kwa sababu itazeeka, itachubuka, na kuna siku watoto watatu watarukia humo pamoja mkiwa hamuoni.

Atajuaje kwamba aliyopewa ni poliesta kweli? Hapo duka na mnunuzi wote wawili huweza kukosea bila ya kukusudia. Aombe kipande cha shubiri moja, afike nacho nyumbani, akitie katika bakuli la maji na kukikamua mpaka mapovu yaishe. Polipropilini huelea, ukiizamisha huibuka tena. Poliesta na nailoni huzama. Kisha hizo mbili zilizozama utazitenganisha kwa kuvuta: funga kipande cha mita moja penye kitasa, vuta kwa uzito wa mwili wako, na ile inayorefuka ikarudi kama mpira ni nailoni.

Na unene je? Milimita 12 yatosha kwa nguvu, na zaidi ya hayo yashikika mkononi na fundo lake huonekana. Kamba nyembamba zenye nguvu kubwa zipo, lakini kamba nyembamba ikichubuka kidogo imechubuka robo yake, na macho ya wazee hayaoni.

Nimesema kuchubuka, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Kamba haikatiki mahali unapopatazama. Katikati yake, pale panapoonekana na kila apitaye, ni salama siku zote. Hukatika ndani ya kitanzi, pale inapokalia chuma, ambapo kila mara mtu anapojisogeza kamba hujisugua kidogo tu, kiasi cha unene wa ukucha, mara elfu, mara elfu kumi. Chuma chembamba huifanya kazi hiyo kama msumeno, na chuma chenye kutu kama tupa. Mabaharia walilijua hilo zamani. Ndani ya kitanzi hutia kipande cha chuma kilichofinyangwa mfano wa tone la maji, chenye mfereji mgongoni, ili kamba ilale katika mfereji ule na chuma kisuguane na chuma. Vipande hivyo huuzwa katika maduka ya vyombo vya bahari na ni vya bei ndogo. Ukikosa, afadhali kitanzi kiviringishwe kwa kipande cha ngozi au turubai na kushonwa, kuliko kuachwa kitupu. Na ukimpata baharia au mvuvi aijuaye kazi, mwombe asifunge fundo bali afumbue nyuzi za mwisho wa kamba na kuzifuma tena ndani ya mwili wa kamba ile ile. Kitanzi cha namna hiyo hubakisha karibu nguvu yote ya kamba, na fundo la kawaida laweza kula nusu.

Kuhusu vyuma nitasema yale yanayoua tu, mengine muulize fundi. La kwanza ni kulabu iliyo wazi, ile yenye umbo la herufi S au ya nusu duara kama ndoano ya nyama. Mzigo ukiivuta mara nyingi hufunguka polepole, na hata isipofunguka, kitanda kikitikiswa kitanzi hurukia nje. Nunua kilichofungwa duara zima na kuunganishwa kwa moto. Cha kuunganishia kamba na pete, kizuri kuliko vyote ni kile chuma cha mabaharia kilichopindwa kama kiatu cha farasi, chenye pini ya kukaza mdomoni. Nayo pini baada ya kukazwa ifungwe kwa waya mwembamba, kwani mtikisiko wa kila siku huifungua. Zile kulabu ndogo nzuri zenye ulimi wa kubonyeza, za kutundikia funguo, mara nyingi zimeandikwa zenyewe kwamba si za kubeba mtu. Zile za wapanda milima huwa zimechorwa nguvu yake ubavuni. Ukiona 20 kN, ni kama kilo 2,000. Chuma kizuri cha kubebea mizigo vile vile hupigwa muhuri wa WLL na hesabu ya mzigo unaoruhusiwa. Kisichoandikwa chochote, hujui unachonunua.

La pili ni kutu, na sisi wa mwambao twaijua. Chuma kilichochovywa katika zinki ya moto huwa cha kijivu, hakina mng'ao, kikwaruzo kidogo mkononi; kile kinachong'aa kama fedha na bei yake rahisi kimepakwa zinki nyembamba tu, na hewa ya chumvi huila upesi. Chuma kisichoshika kutu nacho kina daraja. Chenye alama 304, au A2 kwa bolti na nati, chafaa mji wa bara. Chenye 316, au A4, kimetiwa madini ya molibdeni, nacho ndicho cha kununua ukiwa wasikia bahari kutoka nyumbani kwako.

Kamba na chuma vikiwa vizuri, bado tunauliza vimeshikwa na nini. Hapa nimeona makosa makubwa kuliko yote. Machela haivuti kwenda chini peke yake. Huvuta kwenda ndani, huzivuta nguzo zikutane. Nguzo ya matofali iliyojengwa ibebe paa inajua kubeba kutoka juu; kuvutwa ubavu haikufundishwa, na nguzo kama hiyo, hasa ikiwa imesimama peke yake, huweza kumwangukia aliyelala. Kuanguka kutoka dhiraa moja kulimvunja ami nyonga. Kuangukiwa na nguzo ni jambo jingine kabisa. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa katika nyumba zetu za kale hauvumilii msumari wala parafujo ya kuvutwa, chokaa yatoka kama unga. Matofali yenye matundu ndani vile vile. Mahali salama ni boriti au nguzo ya mti mzima, itobolewe kwa keekee kutoka upande huu hata huu, ipitishwe bolti ya milimita 10 au 12 yenye pete kichwani, na upande wa pili itiwe bamba pana la duara ndipo nati ikazwe. Parafujo yenye pete hushika kwa meno yake tu. Bolti iliyopita haina njia ya kutoka ila mti wenyewe upasuke. Lakini igonge boriti kwanza kwa nyundo, hasa karibu na ncha inayoingia ukutani, maana hapo ndipo mchwa na unyevu huanzia. Ikilia kama ngoma, usiitobolee.

Kwa mwenye uani, mti wa mwembe uliokomaa wafaa sana. Usiuzungushie kamba nyembamba, huukata gamba mti ukanyauka. Uzungushie ukanda mpana wa vidole viwili au zaidi. Mpapai usiufikirie. Na mnazi, ambao kwenye picha za matangazo ndio utundikwao machela daima, una nguvu ya kutosha, ila juu yake kuna nazi, na aliyelala chini haioni ikija. Wala usiutie bolti, kwa sababu mnazi ukijeruhiwa shina hauzibi jeraha lake kama miti mingine.

Wenye pembea za watoto nao wasidhani habari hii si yao. Kamba za pembea hushuka wima, basi mtoto akitulia zagawana uzito wake nusu kwa nusu. Akipeperuka mpaka kamba zikafika digrii 60, kila anapopita chini huvuta mara mbili ya uzito wake; akifika hata kamba zikalala sawa na ardhi, mara tatu. Na ncha za kamba zinazobaki zikatwe fupi, zisiachwe zikaning'inia mahali ambapo shingo ya mtoto yaweza kuingia. Mtoto mchanga yeye hapaswi kuachwa alale katika machela wala susu, kwa sababu kidevu chake hukunjika kifuani na pumzi ikazibika. Alale chali juu ya godoro gumu lililo sawa.

Tukimrudia Bibi wetu. Akishamaliza yote, kabla mama hajaketi, atie ndani ya kitanda magunia mawili ya mchele ya kilo 50 na kuyaacha usiku kucha, kitanda kikiwa chini kwa shubiri moja tu kutoka sakafuni. Asubuhi atazame mafundo kama yamesogea, pete kama zimepinda, boriti kama imelia. Ndipo akipandishe mpaka urefu wa kiti. Siku za mwanzo aweke mkeka mnene chini, na mama akiingia, aketi kwanza katikati huku ameshikwa mkono, kisha ainue miguu. Na kitanda chenye mti mpana kila upande wa kichwa hupinduka upesi zaidi kuliko kile kilichokusanywa katika pete moja, basi hicho hakimfai mtu mzima.

Kila mwanzo wa mwezi aifungue kamba ndani ya vitanzi, si nje, aizungushe nyuzi zake kwa kuzisokota kinyume, atazame katikati. Nyuzi nzima hung'aa. Akiona unga, weusi, manyoya, au uzi mmoja umekatika, kazi ya kamba hiyo imekwisha, hata kama sehemu nyingine zote zaonekana mpya. Asiitupe jaani ilivyo wala asimpe jirani. Aikate vipande vya dhiraa moja moja kwanza, vifungie mizigo ya kuni au mguu wa kuku, ili asipatikane mtoto akaiokota ikiwa ndefu na kujifungia pembea.